Lakers na Celtics 2010, mchezo wa 7: timu imekosa mitupo 56, imeshindaje?

Mwalimu_Uyole

Wakubwa shikamooni, na wenzangu wote wa kikapu habari za jioni.

Nina vijana 12 wa sekondari hapa Uyole, Mbeya, na mazoezi yetu ya mwezi huu nataka yajengwe juu ya mchezo mmoja tu: fainali ya NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, ya mwaka 2010, mchezo wa 7, Los Angeles Lakers na Boston Celtics. Watani hawa wa jadi wamekutana fainali mara 12, Celtics wamechukua 9 na Lakers 3, na hiyo ya 2010 ndiyo ya mwisho kati yao mpaka leo. Ulichezwa Los Angeles usiku wa tarehe 17 Juni. Kwetu ilikuwa saa 10 alfajiri ya tarehe 18.

Kinachonisumbua ni takwimu. Lakers walishinda 83 kwa 79, lakini walitumbukiza 27 kati ya mitupo 83, yaani asilimia 32.5. Celtics 29 kati ya 71, asilimia 40.8. Kobe Bryant mwenyewe, nyota wa Lakers, 6 kati ya 24. Aliyelenga vizuri ndiye aliyefungwa. Vijana wakiziona hizi namba wanasema ni bahati, wengine wanasema ni waamuzi. Mimi siamini hivyo, ila nikianza kuwaeleza naishiwa maneno.

Naomba mnisaidie: Lakers walishinda kwa kitu gani hasa, na kitu hicho nakifundishaje kwenye uwanja mmoja wa sementi, mipira 4, dakika 90? Halafu kuna jambo dogo la pembeni. Celtics waliongoza 3 kwa 2, na bado michezo miwili ya mwisho wakaenda kucheza ugenini. Utaratibu huo ulitoka wapi? Nauliza kwa sababu tuna mpango wa kucheza na watani wetu wa Iringa, mshindi awe wa michezo miwili kati ya mitatu.

Ndaga fijo.

Ubao_na_Ringi

Mwalimu, jibu lako liko kwenye safu ambayo wengi huiruka wakisoma takwimu: ribaundi za kushambulia, yaani mipira ambayo timu inaichukua tena baada ya mtupo wake yenyewe kukosa. Lakers 23, Celtics 8.

Chukua chaki uwaandikie ubaoni hivi. Ribaundi zote Lakers walipata 53, Celtics 40. Ukitoa zile za kushambulia, Celtics walibaki na 32 za kujilinda na Lakers 30. Sasa jiulize: chini ya kikapu ambacho Lakers walikuwa wanakishambulia, mipira iliyogombewa ilikuwa mingapi? Ni 23 waliyopata wao, jumlisha 32 waliyopata Celtics, jumla 55. Lakers walichukua 23 kati ya 55, karibu asilimia 42. Upande wa pili Celtics walichukua 8 kati ya 38, asilimia 21. Timu moja ilikuwa inapata tena karibu mpira 1 katika kila 2.5 iliyokosa, nyingine 1 katika kila 5.

Hiyo ndiyo namna sahihi ya kupima ribaundi. Usihesabu jumla peke yake, kwa sababu timu inayokosa sana itakuwa na mipira mingi ya kugombea tu. Gawanya kwa iliyokuwepo.

Halafu fuata zile pointi 4 za ushindi zilikotoka. Kwa mitupo ya kawaida, Lakers walitumbukiza 27, na 4 kati ya hiyo ni ya pointi tatu: 54 na 4, ni 58. Celtics walitumbukiza 29, na 6 ni ya pointi tatu: 58 na 6, ni 64. Yaani kwa kulenga, Celtics walishinda kwa 6. Sasa njoo kwenye mitupo huru: Lakers 25 kati ya 37, Celtics 15 kati ya 17. Hapo Lakers wako mbele kwa 10. Kumi toa sita, nne. Mchezo umekwisha.

Vijana watasema, "Si ndiyo hao waamuzi tuliosema!" Waulize mtu anachezewa faulo akiwa wapi. Aliyechukua ribaundi ya kushambulia tayari yuko mita 1 au 2 kutoka kwenye ringi, na anayemzuia yuko nyuma yake au bado hewani. Kumzuia bila kumgusa hapo ni kazi kubwa. Ribaundi ndiyo iliyowapeleka kwenye mstari wa mitupo huru. Na hata huko walikosa 12, kwa hiyo asiseme mtu kwamba siku ile mambo yaliwanyookea.

Pau Gasol wa Lakers alichukua ribaundi 18, nusu yake, 9, zikiwa za kushambulia. Kobe, mlinzi wa pembeni, alichukua 15. Upande wa pili Kevin Garnett, mtu wa mita 2.11, alipata 3. Narudia, 3. Hii namba wachezaji wako warefu waione kwa macho yao.

Na si mchezo wa 7 peke yake. Katika michezo yote 7 ya fainali ile, timu iliyopata ribaundi nyingi ndiyo iliyoshinda. Yote saba, bila hata mmoja kupinda. Linganisha na kulenga: Ray Allen wa Celtics alifunga pointi tatu 8 kwenye mchezo wa 2, ikawa rekodi ya fainali, kisha mchezo wa 3 akarusha 13 na hakuna hata mmoja ulioingia. Mchezaji yuleyule, na siku zilizopita katikati hazifiki wiki.

Mnyalukolo

Kamwenee. Hesabu ya mkuu hapo juu naikubali yote, lakini inaeleza kilichotokea, haielezi kwa nini kilitokea.

Watu wengi watakwambia ni kukosekana kwa Kendrick Perkins wa Celtics. Ni kweli aliumia goti robo ya kwanza ya mchezo wa 6 na mchezo wa 7 hakucheza. Perkins alikuwa na miaka 25, mzito, kazi yake ilikuwa kuziba watu. Badala yake alianza Rasheed Wallace, miaka 35. Sababu hiyo ipo, ila ukiishia hapo huna cha kumfundisha kijana, maana Perkins hayupo Uyole.

Sababu ya kufundishika ni ulinzi wa Celtics wenyewe. Ulinzi ule, uliosukwa na kocha msaidizi Tom Thibodeau chini ya Doc Rivers, ulikuwa wa kusogea wote upande wenye mpira. Kobe akishika pembeni, wa kwanza anamkabili, wa pili anasogea kumzibia njia, na mara nyingi huyo wa pili ni mtu mrefu aliyeacha mtu wake chini ya kikapu. Ulinzi mzuri sana, ndio uliomfanya Kobe akose 18. Lakini kila msaada una deni. Yule mrefu aliyeachwa, Gasol au Andrew Bynum au Lamar Odom, sasa hana mtu mgongoni, na mpira unaokosa ukitoka pembeni mara nyingi huangukia upande wa pili wa ringi. Upande wake yeye.

Mwalimu, rudia video ya robo ya nne, lakini usimwangalie Kobe kabisa. Mwangalie mtu mrefu wa Lakers aliye mbali na mpira. Utaona anaanza kutembea kuelekea ringi kabla mpira haujatoka mkononi mwa Kobe. Hangoji uanguke. Robo ile Lakers walifunga 30, baada ya robo tatu nzima za 14, 20 na 19.

Kuna tukio moja waonyeshe mara tano. Lakers 79, Celtics 76, zimebaki sekunde zisizofika 30. Kobe anarusha pointi tatu, anakosa. Celtics wakiupata huo mpira wanaweza kusawazisha kwa mtupo mmoja. Gasol anauchukua, anaurudisha nje kwa Kobe, Wallace anamchezea faulo, inakuwa ya sita kwake, anatoka. Kobe anaweka yote miwili: 81 kwa 76. Watu wanamkumbuka Ron Artest wa Lakers na pointi tatu yake ya dakika ya mwisho, na kweli alifunga 20 usiku ule, lakini mpira uliowakata Celtics pumzi ni huo wa Gasol.

Kwa hiyo ukifundisha, usimlaumu mrefu aliyeenda kusaidia. Alitakiwa aende. Mwenye kosa ni mtu wa tatu, yule aliyekuwa akimlinda mchezaji wa kona ya mbali. Huyo ndiye anayetakiwa kushuka na kumziba kwa mgongo yule mrefu aliyeachwa, hata kama amemzidi kimo kichwa kizima. Timu nyingi za kwetu Nyanda za Juu zinafundisha msaada wa kwanza, zinasahau huu wa pili.

Kocha_Makambako

Mwalimu, nikupe mazoezi. Kwanza tukubaliane kuziba ni nini, maana vijana wakisikia "ziba", au kama wengine wanavyosema "boksi", wanadhani ni kusimama tu na kutanua mikono.

Mpira ukitoka mkononi mwa mrushaji, macho yaende kwa mtu, si kwa mpira. Hapo ndipo wengi wanapokosea, mpira unavuta macho. Mguse kwanza kwa mkono wa mbele, kuanzia kiwiko hadi kifundo, kwenye kifua chake, ujue anaelekea wapi. Kisha zungusha mguu umpe mgongo upande ule alioelekea. Kaa chini: miguu ipite upana wa mabega, magoti yakunjwe, makalio yako yawe chini ya nyonga zake. Aliye chini humwamuru aliye juu, hata akiwa mfupi. Viwiko nje, viganja juu ya mabega. Ukishamhisi mgongoni, ndipo utafute mpira kwa macho na kuufuata kwa mikono miwili. Yote hayo yanachukua chini ya sekunde 2, ndiyo maana yanatakiwa kurudiwa mpaka mwili uyajue wenyewe.

Zoezi la kwanza halina kurusha. Weka mpira chini katikati ya duara la kati la uwanja, lile la mita 1.80 kutoka katikati hadi ukingoni. Wazuiaji 4 wasimame juu ya mstari wa duara wakitazama nje, washambuliaji 4 nje hatua mbili. Wanne waliobaki wahesabu kwa sauti. Ukipiga filimbi, washambuliaji wanautafuta mpira, wazuiaji wanatakiwa wawazuie mpaka hesabu ya 4. Hakuna kushika. Raundi 6, kisha mabadilishano. Dakika 12 zinatosha, zaidi ya hapo wanachoka na wanaanza kusukumana ovyo.

La pili ndilo lako hasa, linafuata alichosema Mnyalukolo. Watatu kwa watatu, kikapu kimoja. Mshambuliaji A pembeni kulia na mpira, B chini ya kikapu upande wa kushoto, C kona ya kushoto. A anaingia kwa nguvu. Sharti: mlinzi wa B lazima aende kumzuia A, asipoenda ni pointi ya bure kwa washambuliaji. A anarusha kutoka mita 3 hivi. Mlinzi wa C anashuka mbio kumziba B, na mlinzi wa A, baada ya mtupo, anakimbia kumtafuta C. Wazuiaji wakipata ribaundi, pointi 1. Washambuliaji wakipata, pointi 2. Mwisho 11. Baada ya kila mizunguko 5, hamisha upande, A aingie kutoka kushoto, usije ukawa na timu inayojua upande mmoja. Ukiwa na ringi mbili, vijana 12 wote wako kazini. Lipe dakika 30.

Makosa utakayoyaona, kwa mpangilio wa wingi wake: mlinzi wa C anashuka akiwa amechelewa, kwa sababu anangoja mtupo. Asubiri nini? Anatakiwa aanze kushuka A anapopita bega la mlinzi wake. Pili, vijana wanaziba wakiwa ndani mno, karibu chini ya ringi yenyewe. Hapo mpira unapita juu ya vichwa vyao. Mgongo uanze kupokea mtu mita 1.5 hadi 2 kutoka kwenye ringi. Kijana akiinua macho na kuona wavu juu ya paji lake, yuko ndani sana. Tatu, wanaruka bila kumgusa mtu kwanza. Mrefu atapata mbili tatu hivyo mkicheza na watoto, akikutana na mrefu mwenzake hapati kitu.

Upande wa kushambulia usiwapeleke wote watano. Celtics wa Rivers walikuwa na kawaida ya kurudi wote nyuma mapema, ndiyo sababu mojawapo ya zile ribaundi 8. Walichagua kutofungwa kwa mbio. Kwa vijana, wawili waende na wa tatu abaki kwenye mstari wa mitupo huru kuokota mipira mirefu, wawili warudi. Na anayekwenda asimsukume anayemziba. Apige hatua ya uongo upande mmoja, mkono upite juu ya bega la mzuiaji kama mtu anayeogelea, mguu ufuate. Akizibwa kabisa, azunguke upande wa mstari wa nyuma, watu wachache hulinda huko.

Dakika zinazobaki, watano kwa watano.

Filimbi_Mbili

Naongeza upande wa sheria, kwa sababu ukiwafundisha kwa video ya NBA halafu wakaenda kucheza kwa sheria za FIBA, shirikisho la kikapu duniani, wataumia.

Kubwa kuliko zote ni saa ya mtupo, yaani muda ambao timu yenye mpira inatakiwa iwe imerusha. Mwaka 2010 kwenye NBA, ribaundi ya kushambulia iliyogusa ringi ilirudisha saa kwenye sekunde 24 kamili. NBA walibadilisha kuwa 14 kuanzia msimu wa 2018 hadi 2019. FIBA walitangulia, mwaka 2014. Rudi kwenye tukio la Gasol sasa. Amechukua mpira zimebaki kama sekunde 27, saa inarudi 24. Celtics wakikaa kulinda, watabakiwa na sekunde 3 tu. Ndiyo maana ilikuwa lazima wacheze faulo. Kwa sheria ya leo saa ingerudi 14, wangeweza kulinda kwa nguvu na bado wakapata mpira na sekunde 13 hivi, nyuma kwa pointi 3. Vijana wako wakiwa katika hali ile, wasikimbilie faulo. Walinde kwanza.

La pili, kwa FIBA mpira ukishagusa ringi, mchezaji yeyote anaruhusiwa kuugusa hata ukiwa unazunguka juu ya ringi, kuutoa au kuusukumia ndani. NBA hairuhusu, lazima uondoke juu ya ringi kwanza. Kwa hiyo mrefu wako anayeziba vizuri ana kazi ya ziada ambayo hataiona kwenye video: kuupangusa mpira unaocheza juu ya ringi.

Faulo ni 5 si 6, na robo ni dakika 10 si 12. Timu ikifikisha faulo 4 katika robo, ya tano inakuwa mitupo huru 2. Fundisha kuziba bila mikono mapema, faulo za kugombea ribaundi huhesabiwa sawasawa na nyingine.

Kuhusu kuziba kwenyewe, mwamuzi anaangalia mambo mawili. Nafasi uliyosimama ni yako kuanzia sakafuni mpaka juu ya kichwa, kama umesimama ndani ya pipa. Ukikaa humo, anayekupanda mgongoni ndiye mwenye kosa. Ukitumia makalio kumrudisha mtu nyuma hatua mbili tatu, umetoka kwenye pipa lako na kosa ni lako. Na viwiko vikitanuliwa kulinda nafasi ni sawa, vikizungushwa si sawa. Vijana wengi hupigiwa filimbi kwa mkono wa nyuma unaopapasa nyonga za mwenzake. Wazoeshe viganja vionekane.

Kwenye mitupo huru, waliojipanga pembeni wanaingia mpira ukishatoka mkononi mwa mrushaji, si kabla. Wazuiaji ni 3, wenzake mrushaji ni 2. Mzuiaji wa nafasi ya kwanza asifuate mpira, akanyage mbele ya mshambuliaji aliye jirani yake. Na mmoja lazima amzibe mrushaji mwenyewe. Huyo husahaulika mara nyingi kuliko wote.

Ubao_na_Ringi

Nakushukuru Filimbi, hiyo ya sekunde 14 ni muhimu mno.

Mwalimu, kuhusu mpangilio wa michezo. Mpaka 1984 fainali mara nyingi zilikwenda kwa 2-2-1-1-1: miwili kwa aliyefanya vizuri zaidi msimu mzima, miwili kwa mwenzake, kisha mmoja mmoja. Mwaka ule watani hawahawa walifika mchezo wa 7, timu zikawa zinaruka kutoka pwani moja ya Marekani hadi nyingine kila baada ya mchezo, na Celtics wakashinda 111 kwa 102. Kuanzia 1985 ikawa 2-3-2 kupunguza safari. Ikadumu mpaka 2013, na 2014 wakarudi kwenye ule wa zamani. Kwa hiyo 2010 mchezo wa 3, 4 na 5 ilikuwa Boston, wa 6 na 7 Los Angeles.

Ubaya wa 2-3-2 ni kwamba mchezo wa 5, ambao mara nyingi ndio unaoamua, unachezwa kwa yule aliyefanya vibaya zaidi msimu mzima. Uzuri wa mwenyeji wa michezo ile mitatu ni mdogo kuliko unavyoonekana, kwani kushinda yote mitatu mfululizo dhidi ya timu ileile ni vigumu: katika miaka ile yote wenyeji walifanikiwa mara 3 tu, Detroit 2004, na Miami 2006 na 2012.

Kwenu na Iringa ni zaidi ya kilomita 300 za barabara. Msifanye mmoja huku, mmoja kule, mmoja huku, mtamaliza nauli. Aliye nafasi ya chini aandae mchezo wa kwanza kwake. Wiki inayofuata yeye asafiri, mcheze wa pili Jumamosi saa 10 jioni na wa tatu, ukihitajika, Jumapili saa 4 asubuhi. Kila timu inasafiri mara moja tu. Waamuzi wa mchezo wa pili na wa tatu wawe walewale, na kubalianeni kwa maandishi mapema kuhusu mpira utakaotumika na mvua ikinyesha inakuwaje. Sementi ikilowa msilazimishe, magoti ya vijana ni bora kuliko ratiba.

Mwalimu_Uyole

Wakuu nimenyanyuka. Ile hesabu ya 10 toa 6 nimeiandika kwenye daftari.

Swali la mwisho. Ringi zetu ni za nondo, zimechomelewa moja kwa moja kwenye fremu, na ubao ni wa mbao nene. Mipira inaruka mbali sana. Hizo mita 1.5 hadi 2 za kuziba zinafaa kwetu? Na tuna mipira mipya imekuja kutoka Dar, inadunda kama jiwe.

Kocha_Makambako

Anza na mipira. Iliyojazwa upepo Dar, usawa wa bahari, ikifika Mbeya kwenye mita 1,700 hivi inakuwa migumu zaidi, kwa sababu hewa ya nje inayoibana imepungua. Mpira uliojazwa upepo wa pauni 8 (psi) kule unaweza kusoma 9 na nusu au 10 huku, ilhali mipira mingi imeandikwa 7 hadi 9. Toa upepo kwa sindano iliyoloweshwa, usiichomeke kavu, utachana valvu. Huna kipimo? Angusha mpira kutoka mita 1.80, ukipima chini ya mpira. Ukidunda, sehemu yake ya juu ifike kati ya mita 1.20 na 1.40. Weka alama mbili za chaki ukutani. Fanya hivyo saa ileile mtakayochezea, maana baridi ya Juni asubuhi inaulegeza na jua la saa 8 linaukaza.

Ringi ya kuchomelea haina mchezo hata kidogo, kila nguvu ya mpira inarudishwa. Kwa hiyo ndiyo, sogeza mstari wa kuziba nje, mita 2 hadi 2.5, na yule wa tatu anayebaki kwenye mstari wa mitupo huru asogee hatua moja nyuma. Mkienda kucheza kwenye ringi yenye springi, rudini ndani. Dakika 15 za kupasha mwili ugenini zitumike kwa hilo: mmoja arushe mitupo 20 ya kukosa kutoka kona na pembeni, wengine watazame inakoangukia, mmoja achore kwenye karatasi nusu ya uwanja na kuweka alama kila mpira ulipogusa chini.

Pima pia kimo. Mita 3.05 kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa ringi, upime mbele, nyuma na pande mbili. Nondo ikishaning'iniwa na watu inainama mbele, na ringi iliyoinama sentimita 3 mbele inaumwaga mpira mbele badala ya pembeni. Ukikuta hivyo, siku hiyo yule wa kwenye mstari wa mitupo huru ndiye atakayepata ribaundi nyingi kuliko warefu wako, mpange aliye mwepesi wa miguu.